UZI: Rejimu ya kalori 500 inayozunguka Goma, inafaa kweli?

#1 Chumvi_Kidogo (Goma, Himbi)
Jambo wakubwa. Kuna karatasi ya rejimu (mpango wa kula wa kupunguza uzito) inatembea kwenye makundi ya WhatsApp hapa Goma, kichwa chake "Kilo 12 kwa siku 30". Yaliyomo ni haya: asubuhi chai ya kijani bila sukari. Saa sita mayai mawili ya kuchemsha na matango. Saa kumi chungwa moja. Jioni supu ya kabichi bila mafuta na kipande cha papai. Maji lita 3. Wanasema jumla ni kalori 500.
Wengine wanatetea kwamba hospitali za Ulaya zinatibu sukari kwa kalori 800, basi 500 si mbaya. Wengine wanasema ni kujiua polepole. Wenye kujua tusaidieni: kula kidogo namna hii ni afya ama hapana?

#2 Balansi_ya_Kadutu (Bukavu)
Tupige hesabu kwanza, maneno yatafuata.
Mayai mawili 150. Matango gramu 300, kama 45. Chungwa 65. Kabichi gramu 400, 100. Papai gramu 200, 85. Jumla 445. Hata hiyo 500 haifiki.
Protini: mayai yanatoa gramu 13, kabichi 5, vingine vyote 3 au 4. Hazizidi 22. Mtu wa kilo 80 anayepunguza uzito anahitaji angalau gramu 1.2 kwa kila kilo, yaani 96. Kilichopungua mwili unakwenda kukichota kwenye misuli.
Sasa hizo kilo 12. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700. Mara 12 ni 92,400. Gawa kwa siku 30: pengo la 3,080 kila siku. Mwanamke wa kilo 80 anayekaa dukani anachoma 2,000 hivi. Hata asipotia kitu mdomoni mwezi mzima, mafuta kilo 12 hayatoki. Mizani ikionyesha 12, sehemu kubwa ya hizo ni maji na nyama yake mwenyewe.

#3 Nesi_wa_Zamu (Goma)
Balansi amemaliza hesabu, niongeze upande wa hospitali. Chini ya kalori 800 kwa siku kuna jina lake: rejimu ya kalori chache mno. Ipo, inatumika, lakini si matango. Ni unga au supu za pakiti zenye protini kamili, vitamini, potasiamu, manyezi (magnesiamu), fosfati, chuma, kila kitu kimepimwa. Wanapewa watu wanene sana, kwa muda maalum, kawaida wiki 12, tansiyo (presha) na damu zikiangaliwa.
Wasiopaswa kuigusa: mwenye mimba, anayenyonyesha (huyo anahitaji kama 500 ZAIDI), walio chini ya miaka 18, wenye sukari ya aina ya 1, wenye figo au moyo mbovu, waliowahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula.
Na wenye dawa. Anayemeza glibenklamidi (dawa ya sukari) akashusha chakula ghafla, sukari inaweza kuanguka usiku akiwa amelala. Metformini peke yake si rahisi kufanya hivyo. Anayemeza furosemidi (dawa ya kukojoza) anapoteza potasiamu mara mbili, kwa mkojo na kwa sahani tupu.

#4 Bukari243 (Lubumbashi, Kamalondo)
Msitishe watu. Uingereza walitoa majibu 2017: kalori 600 kwa siku, nusu ya wagonjwa wa sukari WALIPONA. Kama ingekuwa sumu wangekufa wote.

#5 Nesi_wa_Zamu (Goma)
@Bukari243 umechanganya tafiti mbili. Ya kalori 600 ni ya Newcastle, 2011, watu 11 tu, wiki 8. Ya 2017 inaitwa DiRECT, ya Roy Taylor na Mike Lean: kalori 825 hadi 853, miezi 3 hadi 5, kisha wiki kadhaa za kurudisha chakula hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, 46% walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa. Baada ya miaka miwili, 36%. Kwa hiyo neno si "kupona", ni kutulia. Uzito ukirudi, sukari inarudi nayo.
Na jambo ambalo karatasi za WhatsApp haziandiki: walisimamishiwa dawa za sukari na za tansiyo SIKU YA KWANZA, daktari akijua. Wote walikuwa na sukari ya aina ya 2 isiyozidi miaka 6. Mtu asiye na sukari mwenye kilo 64 anayetaka kuingia kwenye gauni si mtu wa utafiti ule.

#6 Bukari243 (Lubumbashi, Kamalondo)
Sawa docta, nimekubali tarehe. Lakini waliopunguza kilo 15 na zaidi, sukari ilitulia kwa 86%. Hiyo mbona hamuisemi?

#7 Nesi_wa_Zamu (Goma)
Ni kweli, 86%. Nami si docta, usinipandishe cheo bila mshahara.

#8 Mzee_wa_Ibanda (Bukavu)
Kuna jaribio la zamani linalofaa hapa. Ancel Keys, chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, 1944 na 1945. Vijana 32 wenye afya waliokataa kwenda vitani wakajitolea ichunguzwe njaa inafanya nini. Wiki 24 walikula mkate, viazi, kabichi, makaroni, wakitembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza robo ya uzito wao. Moyo ukapiga taratibu, miguu ikavimba, wakawa wanasikia baridi kiangazi, nywele zikakatika. Mawazo yote yakawa chakula: walikusanya vitabu vya mapishi, walilamba sahani.
Na chakula chao kilikuwa kalori 1,570. Si 500!

#9 Balansi_ya_Kadutu (Bukavu)
Mzee, waliingia 36, waliomaliza ni 32. Mengine uko sawa. Ila tusitumie 1,570 kama kipimo cha kila mtu. Wale walikuwa vijana wembamba waliokuwa wanakula 3,200, wakakatiwa nusu. Mama wa kilo 95 akila 1,570 hafi njaa, ana ghala mwilini. Mwembamba anachoma misuli mapema zaidi kuliko mnene, ndiyo maana namba moja haiwezi kuwa ya wote.

#10 Chumvi_Kidogo (Goma, Himbi)
Aksanti. Swali la pili, naona linawasumbua wengi: wiki ya kwanza kilo 4 zinaondoka, wiki ya tatu mizani inakwama hapo hapo, na mtu anaapa anakula 800 tu. Inatoka wapi hiyo?

#11 Mzee_wa_Ibanda (Bukavu)
Mwili unajifunga. Kwa Keys, moto wa mwili uliokaa umepumzika ulishuka karibu 40%. Sehemu ni kwa sababu mwili wenyewe umekuwa mdogo, sehemu ni ubahili: kila kilo iliyobaki inachoma kidogo kuliko zamani. Ukipunguza chakula zaidi, nao unapunguza zaidi.

#12 Mama_Sombe (Goma, Birere)
Wapi! Ni mawese. Watu wanahesabu bugali wanasahau mafuta. Kijiko kimoja cha supu cha mawese ni kalori 120. Sufuria ya sombe (majani ya muhogo) ya watu wanne inapigwa vijiko 10 hadi 12, hapo kila sahani ina vitatu: 360, majani bado. Ongeza karanga za kusaga gramu 30, 170 nyingine. Mtu anakuambia "nimekula majani tu".
Na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Zilizokaushwa jua, gramu 60 zina kalori kama 190 na protini inayozidi nusu ya uzito wake. Ukizitumbukiza kwenye mafuta moto, zinanywa. Umekula sambaza na Ziwa Kivu la mafuta.

#13 Balansi_ya_Kadutu (Bukavu)
Mama_Sombe ana haki zaidi ya nusu. Namna ya kupima bugali bila kujidanganya: pima unga mkavu, mfano gramu 500 za mahindi, ni kalori 1,800. Songa. Pima sufuria na bugali ndani, toa uzito wa sufuria tupu. Tuseme bugali ni gramu 1,600. Gawa 1,800 kwa 1,600: kila gramu 100 ina 112. Tonge lako la gramu 400 ni 450. Makosa ya kawaida ni mawili: kupima bugali iliyoiva halafu kusoma namba ya unga mkavu (unajihesabia mara tatu), au kinyume chake.
Mafuta pima kwa kijiko kabla hayajaingia sufuriani. Chupa ya kumimina kwa jicho haina kipimo.

#14 Kilojuli (Lubumbashi, komini ya Kenya)
Kuna kosa lingine, hasa sisi huku tunaoletewa vitu kutoka Zambia na Afrika Kusini: pakiti zinaandika kJ (kilojuli), si kalori. Mtu anaona biskuti "2,000" anazikimbia kama simba, mwingine anafuata mpango wa "2,000 kwa siku" akidhani ni kalori. Gawa kwa 4.18. Biskuti zile ni 478 kwa gramu 100. Na huyo wa 2,000 kJ anakula kalori 478 kwa siku bila kujua, halafu anashangaa kizunguzungu.

#15 Bukari243 (Lubumbashi, Kamalondo)
@Kilojuli hilo la simba limenigusa. Simba wetu wa kwenye chupa ana kalori ngapi?

#16 Kilojuli (Lubumbashi, Kenya)
Bia ya kawaida ya 5%, chupa kubwa ya sentilita 72, ni karibu 300. Pombe yenyewe ina kalori 7 kwa gramu, inazidi sukari, inakaribia mafuta yenye 9. Chupa mbili ni 600. Rejimu ya kalori 500 imekwisha na deni la 100.

#17 Infirmiye_Mstaafu (Bukavu, Nyawera)
Turudi kwenye mizani iliyokwama, sababu ya tatu imesahaulika: MAJI.
Ini na misuli huweka akiba ya wanga kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu inashika gramu 3 hivi za maji. Siku za kwanza akiba hiyo inaisha, kilo mbili zinakwenda chooni, mtu anafurahi. Baadaye inakuwa kinyume: protini ikipungua na mwili ukichoka, unashika maji. Mafuta yanaendelea kutoka lakini maji yanachukua nafasi yake, mizani haioni tofauti. Wale wa Minnesota miguu ilivimba kwa sababu ya namna hiyo. Wanawake ongezeni siku kabla ya hedhi. Pima kiuno kwa utepe kila Jumamosi asubuhi, usawa wa kitovu, kabla ya kula. Mizani inadanganywa na maji kirahisi kuliko utepe.

#18 Mama_Sombe (Goma, Birere)
Infirmiye, maji hayakai wiki sita. Anayekwama wiki sita, nenda kaangalie jikoni kwake. Mawese!

#19 Mzee_wa_Ibanda (Bukavu)
Na kuna asiyegusa mawese akakwama. Anakaa. Mwenye njaa hatembei: anapanda moto (pikipiki) kutoka Birere mpaka Himbi badala ya kwenda kwa miguu, halali vizuri, hata mikono haichezi akiongea. Hatua elfu tano zinapotea kwa siku na haoni.

#20 Infirmiye_Mstaafu (Bukavu, Nyawera)
Mmezungumza kilo. Mimi naogopa nyongo zaidi. Anayepunguza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, hatari ya mawe kwenye nyongo inapanda. Sababu: mafuta ya mwili yakitoka haraka, kolesteroli inajaa kwenye nyongo, na chakula kikikosa mafuta kabisa, kifuko cha nyongo hakikazwi, kimelala tu, kolesteroli inatulia na kuganda. "Supu bila mafuta" ya kwenye karatasi ile ndiyo mtego wenyewe. Angalau gramu 7 hadi 10 za mafuta katika mlo mmoja, yaani vijiko vidogo viwili, ili kifuko kijikamue. Maumivu chini ya mbavu za kulia yanayopanda begani baada ya mlo: ekografi (picha ya tumbo), si chai ya tangawizi.
Moyo nao. Mwisho wa miaka ya 1970 Marekani ilitoka protini ya maji ya chupa, imetengenezwa na ngozi na kano za ng'ombe, kalori 300 hadi 400. Watu wapatao 60 walikufa, wengi mapigo ya moyo yamevurugika. Kilo zilikuwa zinashuka vizuri tu.

#21 Chumvi_Kidogo (Goma, Himbi)
Haya. Na wale wa kanisani wanaofunga siku 21 kwa maji tu? Wanasema kuna mzungu aliyekaa mwaka mzima bila kula.

#22 Nesi_wa_Zamu (Goma)
Yupo. Angus Barbieri, Scotland, siku 382, 1965 hadi 1966, kutoka kilo 207 hadi 82. Lakini alikuwa chini ya madaktari wa Dundee, wanapima damu yake, wanampa vitamini na potasiamu. Na alianza na kilo 207. Mtu wa kilo 60 hana ghala la mwaka.
Kufunga maji na chakula pamoja ni jambo lingine kabisa, siku tatu zinatosha kuharibu figo.
Hatari ambayo watu hawaijui ni siku ya KUFUNGUA. Tuliopita UNTI (wodi ya kutibu utapiamlo mkali) tunalijua kwa watoto: mtoto mwenye utapiamlo mkali hupewi kumjaza uji siku ya kwanza. Anaanza na maziwa ya tiba F-75, kalori 75 kwa mililita 100, protini kidogo, mpaka atulie. Ndipo F-100 au pakiti ya karanga ya gramu 92 yenye kalori 500. Kwa nini? Wanga ukiingia ghafla, insulini inasukuma fosfati, potasiamu na manyezi ndani ya seli, damu inabaki tupu, moyo unayumba. Vitamini B1 nayo inaisha.
Mtu mzima aliyekula karibu hakuna kwa zaidi ya siku 5: siku mbili za kwanza asizidi nusu ya mahitaji yake. Aliyekonda sana au aliyekaa zaidi ya siku 10: aanzie kalori 10 kwa kila kilo, hospitalini, B1 ikitangulia chakula. Sahani ya fufu, mbuzi na soda mbili baada ya ibada ya kufungua ndiyo inayomleta mtu kwetu.

#23 Mzee_wa_Ibanda (Bukavu)
Nesi, "hupewi kumjaza"? Kiswahili chako nacho kimefunga.

#24 Nesi_wa_Zamu (Goma)
Hajazwi. Nimeandika nikiwa zamu, mzee.

#25 Infirmiye_Mstaafu (Bukavu, Nyawera)
Niingize la muhogo, kwa sababu kuna wanaofanya "rejimu ya fufu kidogo na majani" bila samaki wala maharagi. Muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha unabaki na sianidi. Mwili unaiondoa kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Ukikata protini, umekata mlango wa kutokea. Konzo, kupooza miguu ambako daktari Trolli alikuandika huko Kwango, Kongo, mwaka 1938, kunakuja hapo: muhogo uliolowekwa haraka haraka na sahani isiyo na protini.
Lowesha siku 3 hadi 4 mpaka ulainike, anika. Ukiwa na mashaka na unga wa soko: weka unga kwenye beseni, tia alama ya kimo chake ndani. Ongeza maji ukikoroga mpaka unga uliolowa urudi kwenye alama. Tandaza kwenye mkeka, usizidi sentimita moja. Jua saa 2, au kivuli saa 5. Pika siku hiyo hiyo.

#26 Kilojuli (Lubumbashi, Kenya)
Huku bukari ni ya mahindi, hilo tumeponea. Niulize: mbona wanasema kula kidogo kunaongeza miaka? Panya wa mtafiti McCay, 1935, waliopewa chakula kidogo waliishi zaidi.

#27 Balansi_ya_Kadutu (Bukavu)
Panya ndiyo. Nyani walivutana: kundi la Wisconsin waliishi zaidi, kundi la taasisi ya serikali ya Marekani halikuona hivyo, na vyakula vyao havikuwa sawa. Kwa binadamu kuna utafiti wa CALERIE, miaka miwili, watu wasio wanene. Lengo lilikuwa kupunguza 25%, walifikia kama 12%. Tansiyo na kolesteroli zilipendeza, mifupa ikapungua uzito kidogo. 12% ya 2,200 ni 264. Ni nusu ya tonge lile la gramu 400 na kijiko kidogo cha mafuta, wala si mayai mawili na matango.
@Chumvi_Kidogo ukitaka namba ya mtu: kilo mara 10, jumlisha sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161 kwa mwanamke au jumlisha 5 kwa mwanaume. Mwanamke wa kilo 78, sentimita 162, miaka 34: 780 + 1,012 - 170 - 161 = 1,461. Mara 1.4 kwa anayekaa sana, 2,045. Toa 500, ale 1,550.

#28 Bukari243 (Lubumbashi, Kamalondo)
1,550 atapunguza nusu kilo kwa wiki. Harusi ni baada ya miezi miwili, nani atasubiri?

#29 Mama_Sombe (Goma, Birere)
Fundi cherehani atasubiri. Lakini kama mtu lazima ashuke chini, basi ashuke kwa chakula chenye uzito, na si bila muganga kumwangalia: mayai mawili, sambaza kavu gramu 60 za kuchemsha na nyanya, maharagi yaliyoiva gramu 250, lengalenga gramu 300, mawese kijiko KIMOJA, viazi vitamu gramu 200, papai gramu 200. Ni kama 1,100, protini gramu 80. Sahani mbili zinajaa. Linganisheni na ile karatasi.

#30 Mzee_wa_Ibanda (Bukavu)
Wenye kusikia baridi, choo kigumu, kizunguzungu wakisimama, hedhi kukatika: hiyo ni hesabu imeshuka mno hata kama karatasi inasema sawa. Nywele zinakatika baadaye, miezi 2 au 3, mtu anamlaumu msusi.

#31 Chumvi_Kidogo (Goma, Himbi)
Aksanti sana wote. Karatasi nimeijibu kundini kwa hesabu ya #2, wameniondoa kwenye kundi. Balansi ya jikoni inayofika gramu moja moja inapatikana soko la Virunga ama ni hizi za kilo tu?

#32 Mama_Sombe (Goma, Birere)
Zipo, za betri. Jaribu kabla ya kulipa: weka juu chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, isome 510 hadi 530. Ikisoma 480, rudisha.

#33 Balansi_ya_Kadutu (Bukavu)
Na toa uzito wa chupa tupu, Mama. Nyingine ni nene.